Kufufua Garimoshi la Mvuke: Mwongozo kwa Vikundi vya Kujitolea vya Moshi na Arusha

Tangu treni ya abiria iliporejea Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020, vijana wa huku kaskazini wanaopenda reli wamekuwa wakiuliza maswali yaleyale kuhusu magarimoshi ya zamani. Tuanze na rangi gani? Fundi wa gereji anaweza kuziba tundu la boila? Moto tutauwasha lini? Nimeona ni heri majibu yakae mahali pamoja. La kwanza, rangi ni kazi ya mwisho kabisa. La pili, hawezi. La tatu linahitaji mwongozo wote huu, kwa sababu kati ya siku mnayokabidhiwa garimoshi na siku mnayowasha moto kuna kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukwangua, kupima na kuandika.

Jambo lenyewe linawezekana. Reli ya Talyllyn huko Wales imeendeshwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1951, na wengi wao walianza bila ujuzi wowote wa reli. Walichokuwa nacho ni utaratibu: mgeni huanza kwa kusafisha, kisha hufundishwa kuchochea moto, na udereva huja baadaye sana. Fuateni utaratibu huo hata kama kikundi chenu kina watu sita tu.

Mahitaji kabla ya kuanza

Karatasi huja kabla ya spana. Garimoshi lililotelekezwa kwenye majani si mali ya aliyeliona. Likiwa katika eneo la reli, zungumzeni na Shirika la Reli Tanzania (TRC). Likiwa shambani au kiwandani, zungumzeni na mwenye shamba au kiwanda, na makubaliano yawe ya maandishi. Boila ni chombo cha shinikizo, kwa hiyo ukaguzi wake unahusu OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na mnapaswa kuwapelekea taarifa mapema badala ya kuwaita siku ya kuwasha. Mkitarajia kukanyaga njia ya treni ya Tanga hadi Arusha hata kwa mita chache, TRC na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, lazima waridhie. Njia hiyo ina treni zinazopita, na upana wake ni mita moja. Vigarimoshi vya mashamba ya mkonge vilivyotengenezwa kwa reli ya milimita 600 havitaingia humo kwa namna yoyote.

Baada ya karatasi, hakikisheni mnavyo vifuatavyo:

- Mtu mmoja aliyewahi kuhudumia boila na anayejua kusoma kioo cha maji, yaani kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila. Hahitaji kuwa mtu wa reli. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini huchoma makapi ya miwa ili kupata mvuke, na mstaafu wa kazi ya namna hiyo ana thamani kuliko wapenda reli kumi.
- Wanafunzi au wahitimu wa ufundi wa mitambo, kwa mfano wa VETA Moshi au Chuo cha Ufundi Arusha, watakaofanya kazi za mashine na vipimo.
- Paa. Garimoshi lililofunguliwa na kuachwa linyeshewe na mvua za masika huharibika haraka kuliko lilivyoharibika likiwa limefungwa.
- Chumba chenye kufuli imara kwa ajili ya sehemu za shaba.
- Ovaroli za pamba, buti za ngozi, glavu nene na miwani ya kazi. Nguo za nailoni zisikaribie moto, kwa kuwa huyeyuka na kuganda kwenye ngozi ya mvaaji.
- Daftari kubwa lenye jalada gumu, litakalobaki karakana na lisilochukuliwa na mtu nyumbani.

Ikiwezekana, pandeni basi kupitia Namanga mkaone jumba la makumbusho la reli jijini Nairobi kabla ya kufungua hata nati moja. Pale pana magarimoshi mawili makubwa ya aina ya Garratt, yaliyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, yenye uzito wa takriban tani 252 kila moja. Majina yao ni Mount Gelai na Mount Shengena, yaani mlima wa Longido na mlima wa Upare; ni majirani zetu hao. Hamtafufua kitu cha ukubwa huo, lakini mtaona kila sehemu ilivyokaa mahali pake, na picha mtakazopiga zitawafaa siku mtakapokuta tundu tupu msijue kilichokuwamo.

Hatua za kazi

1. Rekodini hali ilivyo. Pigeni picha pande zote, chini, juu, ndani ya kibanda cha dereva na ndani ya chumba cha moshi kilicho mbele, chini ya bomba la moshi. Kila kinachofunguliwa kipewe namba iliyogongwa kwenye kipande cha bati na kufungwa kwa waya, kisha namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na mahali kilipotoka. Namba za kalamu juu ya karatasi hufutika kwa mafuta ndani ya wiki moja. Boliti za kushoto zisichanganywe na za kulia hata zikionekana sawa, kwa sababu mafundi wa zamani waliziweka kwa kuzisaga moja moja zikae mahali pake.

2. Ondoeni shaba siku ileile. Vali, injekta (vifaa vinavyosukuma maji kuingia kwenye boila kwa nguvu ya mvuke), geji, mabomba madogo na vikombe vya mafuta ndivyo vitu vya kwanza kuonwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Sahani ya bati yenye namba ya boila nayo iondolewe na ifungiwe, kwa maana bila namba hiyo mkaguzi hatakuwa na pa kuanzia.

3. Msiguse koti la boila kabla ya kujua lilitengenezwa kwa nini. Chini ya mabati yanayozunguka boila mna kizuia joto, na kwenye mitambo ya zamani mara nyingi ni asbesto, nyeupe au ya kijivu, yenye nyuzi na vumbi. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Simamisheni kazi, fungeni eneo, na muulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu wataalamu wa kuiondoa na mahali pa kuitupa. Hapa ndipo ninapowasihi wazee wa vikundi wawe wakali, kwani kijana mwenye msasa mkononi hana subira.

4. Fungueni boila, ioshwe, ikaguliwe ndani na nje. Toeni plagi zote za kuoshea, sukumeni matope na magamba ya chumvi kwa maji yenye nguvu na fito za chuma, mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Kisha ingizeni taa. Tafuteni mashimo ya kutu chini ya pipa la boila na kuzunguka chini ya tanuri, yaani chumba cha moto, mahali ambapo matope hukaa. Kuta za tanuri zimeshikiliwa na mamia ya stei, yaani nondo fupi zinazounganisha ukuta wa ndani na wa nje. Gongeni kila moja kwa nyundo ndogo. Stei nzima hulia kwa sauti kali kama kengele, ilhali iliyovunjika hutoa sauti iliyokufa. Wekeni alama ya chaki kwenye kila stei yenye shaka na muiandike daftarini. Unene wa mabamba upimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwa mistari, kila mahali, na matokeo yachorwe kwenye mchoro wa boila.

   Kosa la kawaida hapa ni kuita fundi wa kuchomelea mageti ili azibe shimo. Weldi inayoonekana nzuri kwa nje inaweza kuficha ufa ndani, na ufa huo utafunguka boila ikiwa na mvuke. Matengenezo ya boila hufanywa na mchomeleaji mwenye cheti cha vyombo vya shinikizo, kwa njia iliyokubaliwa na mkaguzi kabla ya kazi, wala si baada yake.

5. Badilisheni mirija. Mirija inayopitisha moto na moshi katikati ya maji huwa ndiyo ya kwanza kuisha, na kwa garimoshi lililokaa miongo kadhaa mna haki ya kudhani kwamba yote inatakiwa kutolewa. Mirija mipya lazima iwe ya boila, isiyo na mshono na yenye cheti. Mabomba ya maji ya dukani yaliyopakwa zinki hayafai, hata mwenye duka akiapa.

6. Jaribuni boila kwa maji baridi, mkaguzi akiwepo. Vali za usalama huondolewa na matundu kuzibwa, boila hujazwa maji hadi juu kabisa huku hewa yote ikitolewa, kisha pampu ya mkono hupandisha shinikizo taratibu. Kipimo kinachotumika sana ni mara moja na nusu ya shinikizo la kazi: boila ya bar 10 hufikishwa bar 15. Geji za zamani husoma paundi kwa inchi ya mraba, na bar 1 ni sawa na paundi 14.5, kwa hiyo andikeni vipimo vyote viwili daftarini ili mtu asichanganye.

   Kamwe msitumie kompresa ya gereji kufanya jaribio hili. Maji hayabanwi, hivyo boila ikipasuka ikiwa imejaa maji hutoa mchirizi na shinikizo huanguka mara moja. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu, na boila ileile ikipasuka ikiwa na hewa huwa bomu.

7. Tengenezeni mwendo na breki wakati boila iko kwa mafundi. Kazi hii haina siri nyingi: magurudumu, bearings, pistoni, fimbo, springi na breki hufunguliwa, husafishwa, hupimwa na kurudishwa. Tambi za sufu zinazovuta mafuta kutoka vikombe vyake zibadilishwe zote. Mafuta ya silinda ni tofauti na oili ya injini ya gari. Ni mazito na yametengenezwa kustahimili mvuke, basi msiyabadilishe kwa yaliyo karibu.

8. Tafuteni maji mazuri. Jambo hili hudharauliwa kuliko yote, na kwetu huku lina uzito wa pekee. Maji mengi ya visima na chemchemi za Arusha na kuzunguka Meru yana chumvi nyingi za asili ya volkano, hasa bikaboneti ya sodiamu, pamoja na ile floridi inayojulikana kwa kubadilisha rangi ya meno. Boila haina meno, lakini bikaboneti hiyo ikichemshwa kwa muda mrefu huongeza ukali wa maji, maji hutoa povu, na povu hupanda pamoja na mvuke hadi kwenye silinda. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro upande wa Moshi kwa kawaida yana chumvi kidogo zaidi. Bora kuliko yote ni ya mvua: bati la karakana, mfereji na matangi vikiwa tayari kabla ya Machi, masika huwapa akiba kubwa. Yapimwe maabara hata hivyo, na dawa ya boila iwekwe kwa ushauri wa anayeijua.

9. Washeni moto wa kupasha tu. Sasa ndiyo siku yenyewe, nayo inachosha kuliko inavyosisimua. Jazeni maji hadi nusu ya kioo, au juu kidogo. Msijaze kioo chote, kwa sababu maji yakifika nyuzi joto 190 huwa yamevimba kwa zaidi ya asilimia 10. Hakikisheni regulata, yaani vali inayoruhusu mvuke kwenda kwenye silinda, imefungwa, breki ya mkono imekazwa, magurudumu yamewekewa kabari, na bomba dogo la juu la kutoa hewa liko wazi. Kisha washeni moto mdogo wa kuni kavu za mkaratusi katikati ya wavu wa tanuri, saa 11 alfajiri ikiwezekana, ili mchana wote uwe wenu.

   Chuma hutanuka kinapopata joto, na tanuri hutanuka kabla ya pipa la boila. Moto mkali kwenye boila baridi hulegeza mirija na kuvunja stei mlizozihangaikia. Kwa moto wa kwanza, saa 24 kutoka baridi hadi shinikizo kamili si nyingi. Siku ya kwanza ishieni kwenye maji ya moto, acheni boila ipoe yenyewe, na asubuhi kagueni kila kiungo. Mvuke ukianza kutoka kwenye bomba la juu kabla ya kipimajoto kufika 100, msishangae: kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu nyuzi 97 Moshi na 95 Arusha.

10. Pandisheni shinikizo kwa ngazi. Siku inayofuata washeni tena. Mvuke ukitoka mfululizo bila kukohoa hewa, fungeni bomba la juu. Simameni kwenye bar 2, kisha kila baada ya bar 2 hivi, mzunguke na tochi mkitafuta mvujo. Nati inayovuja haikazwi boila ikiwa na shinikizo. Andikeni, shusheni moto, subirini.

    Kioo cha maji kijaribiwe mapema na mara kwa mara. Fungeni koki ya mvuke na koki ya maji, fungueni ya kumwagia chini, kioo kiwe kitupu. Fungueni koki ya maji peke yake: maji yatoke kwa nguvu. Ifungeni, kisha fungueni ya mvuke peke yake: mvuke utoke kwa nguvu. Fungeni ya kumwagia, fungueni zote mbili, na maji yarudi haraka mahali pake. Yakirudi polepole, kuna njia iliyoziba na kioo kinawadanganya.

    Kabla ya kufikia shinikizo la kazi, injekta zote mbili, au injekta na pampu, ziwe zimeonyesha kwamba zinaingiza maji. Njia moja haitoshi. Mwishowe ruhusuni vali za usalama zifunguke zenyewe mbele ya mkaguzi, na shinikizo lisiendelee kupanda zikiwa wazi.

11. Sogezeni garimoshi mita chache. Fungueni koki za silinda kabla ya kufungua regulata. Mvuke wa kwanza hugeuka kuwa maji ndani ya silinda baridi, na kwa kuwa maji hayabanwi, pistoni itavunja kifuniko cha silinda yasipopewa njia. Fungueni regulata kidogo sana, fungeni, acheni lijongee. Watu wasisimame mbele ya silinda, kwa kuwa mvuke unaotoka hapo huunguza.

12. Zimeni kwa subira. Acheni moto ufe wenyewe, jazeni maji hadi karibu na juu ya kioo kwa kuwa yatanywea yakipoa, fungeni dampa (kilango cha hewa chini ya wavu) na mlango wa tanuri. Kumwaga maji baridi tanurini ili muwahi kurudi nyumbani ni kuharibu kwa dakika moja kazi ya mwaka. Majivu yatolewe yakiwa yamepoa na kumwagiwa maji mbali na nyasi. Miezi ya kiangazi tengeni mtu wa kuangalia cheche zinazotoka kwenye bomba la moshi, na chumba cha moshi kiwe na wavu wa kuzizuia.

Mambo yakikwama

*Maji hayaonekani kwenye kioo.* Jaribuni kioo mara moja. Yakiwa kweli yameshuka chini ya kioo, msikimbilie kuingiza maji, kwa maana paa la tanuri linaweza kuwa limeungua na kukauka. Fungeni dampa na blowa (mvuke unaopulizwa kwenye bomba la moshi ili kuvuta hewa motoni), funikeni moto kwa mchanga mbichi au majivu yaliyolowa, ondoeni watu wote. Plagi ya risasi juu ya tanuri imewekwa kwa ajili ya saa kama hiyo: risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327, ilhali maji ya boila ya bar 10 yana takriban 184, kwa hiyo haiwezi kuyeyuka ikiwa imefunikwa na maji. Ikiyeyuka, boila haiwashwi tena mpaka mkaguzi aione.

*Moto unawaka lakini shinikizo halipandi.* Kwa kawaida ni hewa. Angalieni kama mlango wa chumba cha moshi unavuja, mirija imeziba kwa masizi, au majivu yamejaa chini ya wavu. Kuongeza kuni juu ya moto usiopata hewa huongeza moshi tu, na majirani ndio watakaowaambia.

*Injekta inatema maji nje.* Maji ya tangi yamepata joto mno, kuna hewa inayovutwa kwenye kiungo cha bomba, au koni za ndani zina magamba. Funikeni tangi lisipigwe na jua, kisha angalieni viungo kabla ya kufungua koni.

*Bomba la moshi linarusha maji meusi.* Boila imejazwa kupita kiasi, au maji yana povu. Fungeni regulata taratibu na mfungue koki za silinda. Ikijirudia maji yakiwa katika kimo sahihi, osheni boila na mrudi kwenye hatua ya 8.

*Mirija inalia machozi kwenye tanuri.* Mvujo mdogo boila ikiwa baridi mara nyingine hukoma chuma kikitanuka. Usiokoma kwenye shinikizo la kazi unahitaji mirija itanuliwe upya na fundi mwenye kifaa chake. Kugonga kwa nyundo na patasi hakusaidii.

*Bearing inapata joto.* Simameni kabla ya kunusa mafuta yanayoungua. Mara nyingi tambi ya sufu imewekwa kubana mno, au mchanga umeingia. Msimwagie maji baridi juu yake.

Kila tatizo liandikwe daftarini siku hiyohiyo pamoja na jina la aliyekuwa kwenye moto, kwa sababu mkaguzi akija mwaka unaofuata ataanza kwa kulisoma daftari hilo. Cheti cha boila kina tarehe ya mwisho. Ikipita, boila haipashwi moto hata kama wageni wameshafika na chakula kimeshapikwa.